Karani Mwema Hakatai Mgeni

Sikilizeni niwaeleze habari za nchi ambayo matatizo yalikwisha kumalizwa kwa waraka, yakabaki malalamiko tu. Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Shwari. Mimi ni raia wake mwema. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa msaidizi wa masjala katika Tume ya Kusikiliza Wananchi, kwa hiyo haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu, ingawa mbele ya kamati nilisema sikuyaona. Hilo nitalifikia.

Kazi ya Tume yetu ilikuwa kusikiliza. Kutenda ilikuwa kazi ya tume nyingine, ambayo ilikuwa bado haijaundwa. Mwananchi aliyeonewa na mkubwa aliandika malalamiko yake, akaweka jina lake kamili, kijiji chake na jina la huyo mkubwa, kisha akatuletea kwenye kompyuta. Asiyeweka jina hakusikilizwa, maana Tume haiwezi kusikiliza sauti isiyo na mdomo. Juu ya mlango wetu paliandikwa kwa rangi ya kijani: SIRI YAKO, KABURI LETU. Wananchi waliyasoma maneno hayo wakapata faraja. Walidhani kitakachozikwa ni siri.

Mafaili yote ya serikali yalifunguliwa kwa programu moja iliyoitwa Karani Mwema. Ilikuwa programu ya kizalendo, iliyotungwa nchini na kusifiwa nchini. Sifa yake kubwa, ambayo Waziri wa Usikivu aliirudia katika kila hotuba, ni kwamba Karani Mwema hakatai faili. Litoke kwa balozi, litoke kwa mkulima, litoke kwa mtu asiyejulikana hata na mama yake, Karani Mwema atalipokea na kulifungua.

"Huo ndio ukarimu wa Mshwari!" Waziri alisema, nasi tukapiga makofi ya kilo.

Fundi wa kompyuta wa Tume alikuwa Hidaya Ngwali, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye kasoro moja tu: alichelewa kucheka wakubwa walipofanya mzaha. Tulikaa meza moja, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa mlango. Aliniita kaka. Mkurugenzi wetu, Mzee Mwinchande, alikuwa kwake zaidi ya mkubwa wa kazi. Baba yake Hidaya alifariki yeye akiwa darasa la sita, na Mzee Mwinchande, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alimchukua akamlea na kumsomesha. Hata siku ya harusi yake, ni yeye aliyekaa mahali pa baba. Mbele ya watu Hidaya alimwita Mkurugenzi. Tukiwa watatu tu, alimwita Baba.

Siku moja asubuhi Hidaya alinigusa bega. "Kaka Twalibu, hebu njoo uone jambo."

Nikaona kioo cha kompyuta kama vioo vingine.

"Faili ni kama barua, si ndiyo?" akasema. "Barua unaisoma, basi. Sasa huyu Karani Mwema, mtu akificha amri ndani ya barua, amri isemayo 'fungua kabati, chukua kila kilichomo, mpe aliyenituma,' yeye hasomi tu. Anatii. Na wewe kwenye kioo unaona habari za mbolea."

"Basi ni mtiifu," nikasema.

"Ni mtiifu kwa kila mtu, kaka. Hapo ndipo penye balaa. Na katika kabati letu mna majina ya watu."

Tukaenda kwa Mkurugenzi. Hidaya alikuwa ameandaa faili moja, akalipa jina "Pongezi kwa Mkurugenzi," akamwomba alifungue. Mzee Mwinchande hakuwahi kuacha faili la namna hiyo limpite. Akalifungua. Yakatokea maneno mawili matatu ya pongezi, kisha katikati ya kioo akajitokeza kuku mwekundu, akatembea kutoka kushoto kwenda kulia, akasimama.

"Kuku mzuri!" akasema Mkurugenzi.

"Baba, umemwita huyu kuku?"

"Sikumwita."

"Amekuja mwenyewe. Nimeweka amri ndani ya faili, Karani Mwema ameitii. Leo nimemtuma kuku. Kesho mtu mwingine atamtuma mwizi, na wewe hutamwona akipita."

Mkurugenzi akamtazama kuku kwa muda mrefu. Uso wake ukabadilika, na nawahakikishia kuwa alielewa. Akaufunga mlango. "Dawa yake ipo?"

"Ipo. Nimeshatengeneza kiraka cha kuziba hilo tundu. Tuzime kompyuta zote dakika arobaini tu, nimalize kazi."

"Mwanangu," akasema kwa upole, "umefanya jambo kubwa. Baba yako angejivuna. Andika dokezo, mengine niachie mimi."

Hidaya alitoka mle ndani akitabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu saa za kazi.

Dokezo likaandikwa. Lilisema kwa sentensi moja kwamba Karani Mwema ina tundu, na kwamba kupitia tundu hilo mtu yeyote anaweza kuiba siri za wananchi. Katika Jamhuri ya Shwari dokezo halikimbii. Lilipita kwenye meza saba, na kila meza ililiongezea hekima. Meza ya pili ilisema neno "kuiba" linatia hofu, lisomeke "kupata." Meza ya nne ikasema neno "siri" halifai kuandikwa mahali pa wazi, likafutwa. Meza ya sita ikaona "tundu" ni neno lisilo na staha kwa programu ya taifa, likabadilishwa kuwa "nafasi ya uingizaji hewa." Baada ya siku kumi na mbili dokezo lilirudi mezani kwetu likiwa limepigwa mihuri yote. Sasa lilisomeka: "Karani Mwema ina nafasi ya kutosha ya uingizaji hewa, na mtu yeyote anaweza kupata huduma." Chini yake Mzee Mwinchande alikuwa ameandika kwa mkono: "Nakubaliana."

Hidaya akaenda kumwona tena. Nilimsindikiza.

"Ni lugha ya ofisi tu," Mkurugenzi akasema. "Kiraka tutakiweka. Lakini wiki ijayo ni Wiki ya Usikivu, Waziri anakuja. Atakuta kompyuta zimezimwa? Baada ya sherehe, mwanangu. Neno langu hulitegemei?"

"Nalitegemea, Baba."

Katika siku hizo za kungoja ndipo alipokuja Mwalimu Sikudhani.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mbugani, mama mnene wa miaka hamsini, aliyezoea kuzungumza kama anayemwandikia mtu ubaoni. Shule yake ilikuwa na pampu ya maji, na pampu hiyo ilikuwa imehamia kwenye bustani ya Mkuu wa Wilaya. Sasa watoto walichota maji mtoni. Mwezi uliotangulia, mtoto mmoja wa darasa la pili, binti aitwaye Chausiku, alikamatwa mguu na mamba. Aliokolewa, lakini mguu haukuokolewa.

Mwalimu aliyasema hayo akiwa amesimama, mkoba kifuani. Faili lake alikuwa nalo, ila alikuwa hajaandika jina.

"Nimefundisha miaka ishirini na sita," akamwambia Hidaya. "Huyo bwana akijua ni mimi, nimekwisha. Niambie kweli. Hili jina litakaa humu humu?"

Mimi nilimwona Hidaya akitazama kompyuta, kisha mlango wa Mkurugenzi, kisha macho ya yule mama.

"Litakaa humu humu, Mwalimu," akasema. "Nakuahidi."

Akamvutia kiti, na Mwalimu Sikudhani akaandika jina lake, herufi moja moja, kwa mwandiko wa mfano, Hidaya akaliingiza kwenye kompyuta.

Wiki ya Usikivu ikaanza Jumatatu kwa gwaride la masikio. Nayo yalikuwa masikio makubwa ya karatasi ngumu, yaliyobebwa na watumishi wa ngazi ya chini. Mimi nilibeba sikio la kushoto. Waziri akahutubia kwa saa mbili na nusu juu ya umuhimu wa kusikiliza, na mkulima mmoja aliyenyoosha mkono kutaka kuuliza swali akatolewa nje ili asikatize usikivu.

Tuliporudi ofisini tukakuta kila kompyuta imepokea barua yenye kiambatisho. Juu yake palikuwa na picha ya Waziri na mihuri mitatu. Kichwa chake kilisema: WARAKA WA HARAKA: NI MARUFUKU KUFUNGUA MAFAILI MSIYOYAJUA. FUNGUENI MSOME.

"Msiufungue!" Hidaya alipiga kelele. Akakimbia kutoka meza moja hadi nyingine. "Huu haukutoka wizarani! Tazameni anwani! Jamani, msiufungue!"

Lakini waraka ulikuwa unakataza kufungua mafaili, na mtumishi angejuaje alichokatazwa bila kufungua? Wote wakafungua. Mzee Mwinchande alitoka chumbani kwake akiwa na hasira.

"Hidaya, una wazimu? Unazuia watu kusoma waraka wa Waziri?"

"Baba, ndiyo yule kuku! Ni yule yule!"

"Usiniite Baba ofisini," akasema, akarudi ndani. Kupitia mlango uliobaki wazi tulimwona akibonyeza.

Mimi niliufungua mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili pia sikuona kitu. Ukurasa ulikuwa mweupe. Nikashukuru kwamba angalau ulikuwa mfupi.

Kwa siku tatu hakukutokea jambo lolote, na Mkurugenzi akasema mnaona? Siku ya nne, wakubwa wa ngazi zote waliolalamikiwa katika Jamhuri ya Shwari walipokea kifurushi kila mmoja, kisicho na jina la mtumaji. Kila mkubwa alikuta humo malalamiko yaliyomhusu yeye tu, yamepangwa vizuri kwa alfabeti, na majina kamili na vijiji vya waliomlalamikia. Jumla yao walikuwa watu mia tatu na kumi na wawili. Tangu Tume ianzishwe, ilikuwa mara ya kwanza malalamiko ya wananchi kumfikia mhusika.

Mwalimu Sikudhani alikuja wiki iliyofuata. Safari hii alikuwa na begi la nguo na barua ya uhamisho. Alikuwa amehamishiwa shule ya msingi ya Kisiwa cha Mawe, ambayo ingejengwa pindi kisiwa kitakapopata wakazi. Nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa imefungwa kwa kufuli jipya, vitu vyake vikiwa nje.

Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza yetu.

"Uliniambia litakaa humu humu."

Hidaya akasimama. "Mwalimu, kulikuwa na tundu kwenye programu. Nililiona mimi. Niliwaambia, niliandika, nilitengeneza hata kiraka, wakasema tungoje sherehe…"

"Uliliona lini?"

Hidaya akatazama kibodi.

"Nakuuliza, binti. Uliliona lini? Kabla sijaandika jina au baada?"

"Kabla."

Mwalimu akatikisa kichwa polepole, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi aliyemtegemea.

"Ulijua, ukanivutia kiti."

"Niliambiwa litazibwa. Nilimwamini aliyeniambia."

"Na mimi nilikuamini wewe," akasema Mwalimu Sikudhani. Akachukua begi lake akaondoka. Hidaya alimfuata mpaka ngazini, kisha akarudi akakaa, na siku nzima mikono yake ilibaki juu ya kibodi bila kubonyeza kitu.

Serikali ya Shwari hailali. Iliundwa kamati ya watu tisa kuchunguza. Ikakaa katika ukumbi wa Tume, juu ya jukwaa, ikiwa na maua ya plastiki na chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu aliyeanza kila sentensi kwa kusema itifaki imezingatiwa.

"Itifaki imezingatiwa," akasema. "Kabla ya binti huyu kuliona tundu, yupo mtu yeyote katika jamhuri hii aliyewahi kuliona?"

Ukumbi ukasema hakuna.

"Kwa hiyo tundu lilianza alipoliona. Na huyo kuku, nani alimtengeneza?"

"Mimi, mheshimiwa," Hidaya akasema. "Nilitaka waone hatari."

"Andikeni: amekiri kuku."

Likaletwa dokezo. Mwenyekiti akalisoma kwa sauti mpaka mwisho, akauliza hatari iko wapi hapo, mbona ni sifa tupu. Hidaya akasema aliandika mengine, yakabadilishwa, Mkurugenzi anajua, alimwona kuku kwa macho yake, alikiri kwamba ameelewa. Mzee Mwinchande akaitwa. Alikuwa amevaa koti jeusi, lile lile alilolivaa kwenye harusi ya Hidaya. Nalijua kwa sababu nilikuwapo, nikala biriani.

"Mkurugenzi, unamfahamu mtuhumiwa?"

"Namfahamu kwa sura, mheshimiwa. Ni mtumishi miongoni mwa watumishi."

"Aliwahi kukueleza habari za tundu?"

"Hata siku moja."

Hidaya alikuwa akimtazama. Hakulia, hakupaza sauti. Alisema tu, "Baba."

Mwenyekiti akaamuru neno hilo lifutwe kwenye kumbukumbu kwa kuwa halikuhusiana na ajenda.

Kisha nikaitwa mimi. Nataka nieleweke vizuri. Siku moja kabla, Mzee Mwinchande alikuwa ameniita akaniuliza hali ya nyumbani, akaniambia anaona mbali sana kwa upande wangu. Akataja cheo cha mkuu wa masjala. Mimi sikuahidi lolote. Nilisema tu, nimekuelewa, Mzee.

"Bwana Twalibu, ulikaa na mtuhumiwa meza moja. Uliwahi kumsikia akitoa tahadhari yoyote?"

"Sikumbuki, mheshimiwa."

"Siku ya waraka, alipiga kelele kuzuia watu?"

"Kulikuwa na kelele za sherehe, mheshimiwa. Sikusikia vizuri."

Wakanipa karatasi nikatia saini. Nilipokuwa narudi kwenye nafasi yangu, njia ilikuwa nyembamba. Hidaya alivuta kiti chake kidogo ili nipite. Hakunitazama.

Hukumu ilisomwa siku hiyo hiyo. Hidaya Ngwali alifukuzwa kazi na kupigwa marufuku kugusa kompyuta ya umma maisha yake yote. Mzee Mwinchande, kwa uzoefu alioupata katika tukio hilo, aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Usalama wa Mafaili ya Taifa. Programu ikapewa jina jipya, Karani Mwema Zaidi. Tundu lake lilihifadhiwa kama lilivyo, kwa kuwa lilikuwa kielelezo cha kesi. Nami nikawa mkuu wa masjala, nikahamia meza ya peke yangu.

Miezi mitatu ikapita. Zikaanza kuja taarifa kwamba Hidaya anazunguka nchi nzima bila kibali. Alikuwa anakwenda kijiji kwa kijiji, kwa lori, kwa baiskeli ya kukodi, kwa miguu, akiwatafuta wale watu mia tatu na kumi na wawili. Kwa kila mmoja alijitambulisha, akaeleza kilichotokea, akaomba radhi. Wengine walimfukuza. Mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Inasemekana Mwalimu Sikudhani alikuwa wa kwanza kufuatwa, na kwamba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkatia kipande cha muhogo. Ofisi ilinitaka niandike barua ya kuikataza ziara hiyo. Niliiandika, ila haikujulikana ipelekwe wapi.

Jumapili moja, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa barazani kwangu na mama yangu, anayeishi nami tangu baba afariki. Mama alikuwa anachagua mchele. Alikuwa amepungua. Kwa wiki kadhaa alikuwa akienda zahanati kuchukua dawa zake za presha na kurudi mikono mitupu. Wenzake wanaitwa, yeye haitwi. Nilikuwa nimemwambia ni foleni, mama, avumilie.

Hidaya akatokea uchochoroni. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini, na mkononi alishika daftari la shule lililojaa majina. Nikajiandaa kumwambia kwamba mimi sikuwahi kulalamika popote.

Akanipita. Akainama mbele ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye Bi Mwanamvua binti Faki, uliyeandikia Tume kuhusu mganga wa zahanati anayewafungia watu dawa kabatini?"

Nikamgeukia mama. Hakunitazama.

"Ndiye mimi," akasema. "Nilimwomba jirani aniandikie."

Hidaya akaeleza. Ilionekana ameyasema maneno hayo mara nyingi, na bado sauti ilimkatika mahali pale pale. Kwamba palikuwa na tundu. Kwamba alilijua. Kwamba majina yaliibwa, na jina la mama lilimfikia yule mganga. Kwamba anaomba radhi.

Mama akauacha mchele. "Kumbe ndiyo maana siitwi," akasema. "Na hilo tundu, ulilijua peke yako?"

Hidaya akatazama ungo.

"Mama, mimi nimekuja kusema langu."

Mama alihesabu jambo moyoni. Kisha akanigeukia. "Twalibu. Meza yenu si ilikuwa moja?"

"Mama," nikasema, "suala hilo liliundiwa kamati, na kamati ilijiridhisha kwamba…"

Mama akainuka, ungo mkononi. Akamshika Hidaya mkono. "Pita ndani, mwanangu. Upumzishe miguu, nikuchemshie chai."

Wakaingia. Niliposimama niwafuate, mlango ulikuwa umekwisha kurudishwa, na nikasikia komeo likisukumwa. Nyumba ni yangu, niliijenga mwenyewe. Nikangoja kidogo, nikagonga.

Ndani maongezi yakakatika.

"Nani?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama. Twalibu."

Nikasikia kijiko kikikoroga chai, taratibu, mpaka sukari ikayeyuka.

"Twalibu yupi?"